Watatu kwenye kashe moja: nani ameshika kufuli la Gradle?

Swali

"Shikamoo kaka. Sisi ni vijana watatu, tuna kiofisi Ligula hapa Mtwara. Tunatengeneza programu ya Android ya makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), ya kupimia korosho na kutoa risiti. Bando linatumaliza, kwa hiyo tuliiweka folda ya Gradle (chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu) kwenye kompyuta moja ya ofisi na laptopu zote tatu zikawa zinasoma humo kupitia mtandao wa ndani. Tangu hapo ujenzi wa programu unagoma: 'Timeout waiting to lock journal cache'. Nikiitafuta PID (namba ya mchakato) inayotajwa, kwangu haipo, basi nafuta faili la .lock naendelea. Sasa imeanza 'Corrupted IndexBlock'. Isitoshe, APK (faili la kusakinisha programu) ninayojenga mimi inafanya kazi, ya mwenzangu inajifunga karani akibonyeza kuingia, na msimbo ni uleule. Na mara nyingine orodha ya maghala ndani ya APK ni ya zamani. Tunakosea wapi? Msimu unakaribia."

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Poleni, maana najua presha ya msimu: minada ikianza Oktoba hakuna karani atakayewasubiri mtengeneze kashe, yaani folda hiyo ya vitu vilivyokwisha kupakuliwa.

Kabla ya yote, kuanzia leo asifute mtu faili la .lock ndani ya folda ile. Hata mara moja tu ili kazi iishe, msifute. Hiyo "Corrupted IndexBlock" imezaliwa hapo, na nitakuonyesha ilivyozaliwa, kwa sababu ukiielewa hutarudia hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Ujumbe wa kugoma huwa unafuatana na mistari ya namna hii:

```
Owner PID: 4121
Our PID: 5380
Lock file: /mnt/ofisi/gradle/caches/journal-1/journal-1.lock
```

"Owner PID" ni namba ya mchakato uliokamata kufuli. Wewe ukachapa `ps -p 4121` kwenye laptopu yako, hukuona kitu, ukahitimisha kwamba mwenyewe kashakufa. Lakini namba ya mchakato ni kama namba ya nyumba, kila mtaa una zake. Hiyo 4121 ni ya laptopu ya mwenzako aliyekaa meza ya pili, na huko kwake mchakato uko hai, tena inawezekana wakati huohuo ulikuwa unaandika. Siku nyingine ungeweza hata kuikuta 4121 kwako ikawa ni kivinjari chako, ukakiua bure.

Tabia ya kufuta kufuli nadhani umeitoa kwenye git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), na huko ni halali. Git ikikatizwa katikati huacha faili `.git/index.lock`, halafu yenyewe inakwambia uhakikishe hakuna git nyingine inayofanya kazi, kisha ulifute kwa mkono. Kwa git, kuwepo kwa faili ndilo kufuli lenyewe. Faili likiwepo mlango umefungwa, likiondoka mlango uko wazi. Gradle haifanyi hivyo. Kwake faili la .lock ni kipande cha mlango tu. Kufuli hasa huwekwa na mfumo endeshi juu ya faili hilo, kwa niaba ya mchakato fulani, na mchakato ukifa, iwe kwa kuisha vizuri, kuuawa au umeme kukatika, mfumo endeshi hulifungua wenyewe. Faili hubaki pale siku zote. Ukifika ofisini asubuhi ukalikuta, halikuambii chochote. Liache.

Sasa tazama kinachotokea ukilifuta wakati mwenzako amelishika. Kwenye Linux jina la faili ni kibandiko tu. Faili lenyewe ni namba iliyo chini yake kwenye diski. Ukipiga `rm` umebandua kibandiko, basi. Mchakato wa mwenzako ulikwisha kulifungua faili, kwa hiyo bado umelishika na kufuli lake bado ni zima, ila sasa limefunga faili lisilo na jina. Gradle yako inakuja, haioni `journal-1.lock`, inaunda jipya lenye jina lilelile na namba tofauti, inalifunga, inafanikiwa. Hapo mko wawili ndani, kila mmoja na kufuli mkononi, kila mmoja ana hakika yuko peke yake, na nyote mnaandika kwenye `file-access.bin` ileile. Mafaili hayo ya .bin ni faharasa yenye matawi: bloku moja inasema bloku inayofuata iko baiti ya ngapi. Mmoja anahamisha bloku, mwingine anaifuata kwa anwani ya zamani, anakuta kitu kisichoeleweka. Anakiita "Corrupted IndexBlock". (Windows kwa kawaida ingekukatalia kufuta faili lililo wazi, na kwa hili Windows inawakinga watu.)

Umeniuliza mnakosea wapi. Kufuta ni kosa la pili. Kosa la kwanza ni kuwaweka watu watatu, kwenye kompyuta tatu, ndani ya kashe moja ya kuandikia.

Gradle ina ustaarabu wake katika kugombea kufuli. Mchakato unaweza kulishika kwa muda mrefu, kwa sababu kulichukua na kuliachia kila sekunde kuna gharama. Mwingine akilihitaji, husoma ndani ya faili la kufuli namba ya mlango wa mtandao ambako mwenye kufuli anasikiliza, kisha humtumia ujumbe mfupi wa kuomba apishwe. Mwenye kufuli humaliza alichokuwa anaandika, huliachia, na maisha yanaendelea. Ndiyo maana Android Studio na terminali kwenye laptopu moja huishi vizuri, hata kama zimewasha michakato miwili tofauti ya Gradle. Lakini ujumbe ule husafiri ndani ya kompyuta moja tu. Laptopu yako inasoma namba ya mlango iliyoandikwa na laptopu ya mwenzako, kisha inakwenda kupiga hodi kwenye mlango wenye namba hiyo nyumbani kwake yenyewe. Hakuna wa kuitika. Inasubiri, inachoka, inakupa "Timeout". Nyaraka za Gradle zenyewe zinasema kufuli hizi hufanya kazi pale tu michakato inapoweza kuwasiliana, na kwamba kwenye kontena (vyumba vya programu vilivyotengwa, kama vya Docker) kwa kawaida haiwezi. Kwa hiyo hata mkihamia Docker siku moja, msizipe kontena mbili folda moja ya `.gradle` mkategemea amani.

Tusafishe kwanza. Kwenye kila laptopu pigeni `./gradlew --stop`, na kwa kuwa amri hiyo husimamisha michakato ya toleo lilelile la Gradle tu, angalieni kwa `ps aux | grep -i gradle` kama kuna iliyobaki. Zikitulia zote tatu, hapo ndipo mnaweza kugusa folda. Msiifute yote! Najua ndilo shauri mtakalopewa na kila mtu, lakini hizo ni gigabaiti za bando lenu. Ndani ya `caches/modules-2` kuna vitu viwili vya kutofautisha: `files-2.1`, ambamo maktaba zenyewe (vipande vya msimbo vya watu wengine ambavyo programu yenu inavitumia) zimelala, na folda inayoanza na `metadata-2`, ambayo ni faharasa. Futeni folda ya metadata, futeni na `caches/journal-1`, muache `files-2.1`. Ujenzi unaofuata utahitaji mtandao, lakini Gradle itavuta maelezo madogomadogo ya kila maktaba pamoja na alama yake ya utambulisho ya SHA-1, ikikuta faili lenye alama hiyo tayari liko kwenye diski, inalitumia bila kulipakua upya. Tofauti yake kwa bando ni kubwa sana.

Baada ya hapo kila laptopu irudi kwenye `~/.gradle` yake mwenyewe. Ondoeni ile `GRADLE_USER_HOME` inayoelekeza kwenye seva. Na kama folda ya mradi nayo mnaifungulia kutoka kwenye seva, acheni pia, maana ndani ya mradi kuna `.gradle` nyingine yenye kufuli zake. Msimbo upite kwa git.

Sasa bando. Hoja yenu ni ya haki kabisa, na simlaumu mtu wa huku Kusini anayehesabu megabaiti. Mei 2024 barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kule Somanga baada ya Kimbunga Hidaya, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikalemaa nchi nzima. Ndani ya siku chache hata flashi isingefika kwa basi, hata faili lisingeshuka mtandaoni. Mtu aliyekuwa na maktaba zake zote ofisini aliendelea na kazi. Kushirikiana kashe ni wazo zuri. Kinachotakiwa ni kushirikiana kwa kusoma, na kila mtu aandike kwake.

Gradle ina njia rasmi ya hilo, kashe ya kusomwa tu, ambayo haihitaji kufuli kwa sababu hakuna anayeiandika. Chagueni laptopu moja yenye kashe nzima na safi, simamisheni Gradle, kisha:

```
rsync -a --exclude='*.lock' --exclude='gc.properties' \
  ~/.gradle/caches/modules-2 /opt/kashe-ofisi/
```

Folda hiyo mnaiweka kwenye kila laptopu, kwa mtandao wa ndani au kwa flashi, kisha kila mmoja anaandika kwenye `.bashrc` yake:

```
export GRADLE_RO_DEP_CACHE=/opt/kashe-ofisi
```

Gradle ikihitaji maktaba itaitafuta humo, ikiikosa ndipo itatoka mtandaoni na kuiweka kwenye kashe ya mtu binafsi. Umeona nimeyaacha mafaili ya .lock nje ya nakala. Ndiyo, mahali hapa kuyaondoa ni sahihi, na sababu unaijua sasa: kwenye nakala hakuna mchakato wowote ulioyashika, ni makopo matupu. Mkiongeza maktaba nyingi, tengenezeni nakala mpya. Hakikisheni tu nyote mnajenga kwa `./gradlew` ya mradi na si Gradle ya mtu aliyojisakinishia, ili toleo liwe moja.

Kama mna kompyuta ya ofisi inayowaka muda wote, njia bora zaidi ni kuweka hapo hazina ya kati: programu inayokaa kati yenu na Maven Central na hazina ya Google, ikipakua kila maktaba mara moja tu na kuwagawia. Nexus ya Sonatype inajulikana sana lakini inakula RAM. Kwa watu watatu Reposilite inatosha. Hapo mnapata na faida nyingine ambayo watu huiona kwa kuchelewa. Februari 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kuifunga JCenter, hazina iliyokuwa imezoeleka mno kwenye miradi ya Android, na miradi mingi ya zamani ikaanza kukosa maktaba. Aliyekuwa na hazina yake ofisini alibaki na nakala.

Nihamie kwenye APK ya mwenzako inayojifunga. Hapa ndipo neno kufuli linapowachanganya watu, kwa sababu Kiingereza kinatumia neno moja kwa vitu viwili visivyohusiana. Kufuli tulilolizungumza mpaka sasa linazuia michakato miwili isiandike pamoja, ni la muda, halipaswi kuingia git kamwe. Kuna "lock" nyingine ambayo ni orodha: maktaba gani, toleo gani hasa, lilitumika kujenga programu hii. Mimi hiyo huiita stakabadhi, na wewe unayeandikia watu wa stakabadhi ghalani hutapata shida kunielewa. Mkulima akikabidhi mzigo, karatasi inasema kilo ngapi na daraja gani, na mnadani wanashindana juu ya kilichoandikwa, si juu ya "korosho fulani hivi". Ninyi mmejenga programu bila stakabadhi.

Naomba ufungue `build.gradle.kts` yenu utafute alama ya kujumlisha. Nina wasiwasi mkubwa utakuta mstari kama huu:

```
implementation("com.squareup.retrofit2:retrofit:2.+")
```

Alama ile inamwambia Gradle achukue toleo jipya kabisa linaloanza na 2 la Retrofit, maktaba ya kuzungumza na seva. Jibu atakalopata hulikumbuka kwa saa 24, kisha huuliza tena. Lakini anayejenga kwa `--offline`, yaani bila mtandao, ili kuokoa bando hamuulizi mtu. Anabaki na lile alilopakua zamani. Niulizie: mwenzako huyo si ndiye anayependa `--offline`? Kama ndiyo, basi picha imekamilika. Retrofit 2.9.0 ni ya mwaka 2020. Tangu toleo la 8.0 la programujalizi ya Android ya Gradle, chombo cha R8 kinachobana msimbo wa toleo la kusambaza kinafanya kazi kwa ukali zaidi bila kuombwa, kikiondoa taarifa za aina ambazo Retrofit huzisoma programu ikiwa inaendeshwa. Kanuni za kuizuia R8 isiziondoe zilikuja na Retrofit 2.10.0, Machi 2024. Anayejenga na 2.9.0 anapata APK inayofunguka vizuri, na ikifika kupiga simu ya kwanza kwa seva, yaani karani anapobonyeza kuingia, inajifunga na kulalamika kwamba `Class` haiwezi kugeuzwa kuwa `ParameterizedType`. Toleo la majaribio halibanwi, kwa hiyo mezani kwake yeye kila kitu ni kizima. Anayeumia ni karani.

Usiniamini mimi, thibitisha. Kwenye kila laptopu pigeni:

```
./gradlew :app:dependencyInsight --dependency retrofit \
  --configuration releaseRuntimeClasspath
```

Mtaona toleo lililochaguliwa na sababu ya kuchaguliwa. Rudieni na `okhttp`, mtajifunza jambo jingine. Retrofit 2.9.0 inaomba OkHttp 3.14.9, maktaba inayoitegemea, na kama ninyi mmeandika 4.12.0, mtakuta mstari huu:

```
com.squareup.okhttp3:okhttp:3.14.9 -> 4.12.0
```

Mshale huo ni uamuzi. Maktaba mbili zikitaka matoleo tofauti ya kitu kimoja, Gradle kwa kawaida huchukua la juu. Maven, chombo kingine cha kujenga, huchukua lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti wa utegemezi. Kwa hiyo kuongeza maktaba moja tu ya kuchapisha risiti kwa Bluetooth kunaweza kupandisha toleo la maktaba nyingine usiyoigusa kabisa. Mtu hawezi kuona hilo kwa macho kwenye `build.gradle.kts`. Stakabadhi inalionyesha.

Kuiandika ni kazi ndogo. Kwenye `build.gradle.kts` ya app wekeni:

```
dependencyLocking {
    lockAllConfigurations()
}
```

Kisha `./gradlew :app:dependencies --write-locks`. Litazaliwa faili `gradle.lockfile`, kila mstari maktaba moja na toleo lake. Likomitini kwenye git siku hiyohiyo. Kuanzia hapo laptopu yoyote ikipata jibu tofauti na lililoandikwa, ujenzi unakataa na kukwambia nini kimetofautiana. Mkitaka kupandisha maktaba moja, tumieni `--update-locks com.squareup.okhttp3:okhttp`, kisha someni `git diff` ya faili hilo mkiwa wawili kabla ya kukubali. Hapo ndipo mtagundua kwamba mlikusudia kupandisha moja, zikapanda tano. Na ile alama ya kujumlisha iondoeni hata hivyo, andikeni namba kamili. Stakabadhi inaidhibiti, lakini msomaji wa msimbo anastahili kuona mlichokusudia. Matoleo ya `-SNAPSHOT` pia yaacheni kwenye programu inayokwenda kwa makarani, maana jina hubaki lilelile huku kilichomo kikibadilika, na stakabadhi haiwezi kushika kitu cha namna hiyo.

Kama upande wa seva mnatumia Laravel (mfumo wa PHP): angalieni `.gitignore` kama kuna mstari wa `*.lock`. Mtu huuweka akidhani anazuia kufuli za muda, kumbe unameza `composer.lock`, ambayo ni stakabadhi ya Composer, chombo cha maktaba za PHP. Seva ikifanya `composer install` bila faili hilo, Composer hutafuta matoleo yake upya, na seva yenu inaendesha kitu ambacho hakuna aliyekijaribu. Na mkiwa nalo, kwenye seva pigeni `install`, kamwe `update`. Upande wa npm (maktaba za JavaScript) kanuni ni ileile: komitini `package-lock.json`, na kwenye seva tumieni `npm ci`, ambayo hukataa kuendelea kama faili hilo halilingani na `package.json`.

Stakabadhi inasema toleo, haisemi kama mzigo wenyewe haukubadilishwa njiani. Kwa hilo Gradle ina lakiri: `--write-verification-metadata sha256` huandika alama ya kila faili. Kwenu, mnaogawana maktaba kwa flashi, lakiri ina maana kubwa, lakini iwekeni baada ya msimu. Inahitaji utulivu.

Limebaki la orodha ya maghala. Hukunitumia msimbo, ila dalili inatosha kusema mna kazi ("task") ya Gradle inayoandaa orodha, na hamjamwambia Gradle nani anaitegemea.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1976, Bell Labs, Steve Johnson aliyeandika yacc alipoteza asubuhi nzima akisaka kosa kwenye programu iliyokuwa tayari sahihi. Alikwisha kurekebisha, ila faili lililorekebishwa halikujengwa upya. Alikwenda kulalamika kwa mwenzake Stuart Feldman, na Feldman akaandika Make, chombo cha kwanza cha aina hii kuenea, kilichompa tuzo ya ACM, chama cha wanakompyuta, mwaka 2003. Wazo la Make ndilo Gradle inalotumia mpaka leo: taja kila kitu kinatokana na nini, kisha chombo ndicho kitakachoamua mpangilio. Usipotaja, chombo kinakisia, na siku kikiendesha kazi mbili sambamba, mara moja orodha inawahi, mara nyingine inachelewa. Ndiyo ile "mara nyingine" yako.

Kuanzia toleo la 8, Gradle ikikamata kazi inayosoma matokeo ya nyingine bila kutaja utegemezi, inasimamisha ujenzi. Watu hunyamazisha kosa hilo kwa `mustRunAfter`. Msifanye hivyo. Amri hiyo husema tu kwamba kama zote mbili zipo kwenye ratiba, hii itangulie. Haisemi kwamba kazi ya kwanza lazima iwepo. Karani wenu atapata orodha ya mwaka jana na ujenzi utakuwa wa kijani kabisa. Kwenye Android unganisheni folda ya matokeo moja kwa moja:

```
androidComponents {
    onVariants { v ->
        v.sources.assets?.addGeneratedSourceDirectory(
            andaaMaghala, AndaaMaghala::folda)
    }
}
```

Hapo `folda` ni `DirectoryProperty` yenye `@get:OutputDirectory`, na kazi isiandike tena ndani ya `src/main/assets`. Utegemezi unazaliwa wenyewe kwa sababu mmoja anapokea anachotoa mwingine.

Kuna mtego wa pili papo hapo. Kama kazi yenu inavuta orodha kutoka kwa seva na mmeitajia matokeo bila kutaja ingizo, Gradle itaikuta folda haijabadilika na kuandika `UP-TO-DATE`, na haitavuta tena. Ushauri wangu ni kutenganisha. Kuvuta orodha kuwe hati ndogo mnayoiendesha kwa makusudi, inayoandika `maghala.csv`, nayo mnaikomiti. Kazi ya Gradle igeuze tu CSV kuwa JSON, na CSV iwe `@get:InputFile`. Mkiongeza ghala la Nanyumbu, git inaonyesha nani aliliongeza na lini, na ujenzi hauhitaji bando kabisa.

Mkimaliza, badilisheni jina la ghala moja kwenye CSV, mmoja wenu ajenge kwa `--offline` na mwingine akiwa mtandaoni, kisha kila mmoja achungulie ndani ya APK yake:

```
unzip -p app/build/outputs/apk/release/app-release.apk \
  assets/maghala.json | head
```

Jina jipya likionekana kwenye zote mbili, na programu ikaingia kwa seva bila kujifunga kwenye simu mbili tofauti, mpelekeeni karani. Likionekana kwa mmoja tu, nitumie `gradle.lockfile` pamoja na msimbo wa kazi ya `andaaMaghala`, nitautazama usiku huohuo.